Kati ya halmashauri na serikali kuu: niliyoyaona nikiwa mtendaji wa kata huku Kigoma

Nimestaafu sasa, kwa hiyo naongea bila kuogopa barua ya kujieleza. Nilikuwa mtendaji wa kijiji, afu baadae mtendaji wa kata, huku huku mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoa wa Kigoma. Kata siitaji na halmashauri siitaji, maana niliowaacha ofisini wengine ni vijana niliowapokea mwenyewe. Mkoa una halmashauri nane, chagua unayoitaka, mambo hayapishani sana.

Ukiwa mtendaji wa kata unakaa pale pale ambapo halmashauri na serikali kuu zinakutana. Mwajiri wako ni mkurugenzi wa halmashauri. Mshahara unatoka Hazina. Anayekupigia simu alfajiri hujaswaki ni mkuu wa wilaya au afisa tarafa wake, na hao sio watu wa halmashauri, ni serikali kuu. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti ni diwani na wewe ndo katibu, na diwani kachaguliwa na watu wale wale wanaokusimamisha njiani kuuliza maji lini. Wote hao kila mmoja anaamini wewe ni mtu wake. Mwaka 2021 serikali kuu ikaanza kutupa watendaji wa kata posho ya laki moja kwa mwezi, na hilo silalamiki hata kidogo ilinisaidia sana, ila hata hapo utaona mkono unaolisha uko wapi.

Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Madiwani wanapigiwa kura na wananchi, wanakaa baraza, wanapitisha bajeti, wanamuuliza mkurugenzi maswali makali kweli kweli, ila hawamwajiri na hawawezi kumfukuza. Wakimchoka wanaandika azimio, azimio linapanda juu, na huko juu ndo wataamua. Nakumbuka kikao kimoja cha baraza diwani mmoja mzee, mtu wa utani mwingi, alisimama akasema "Mheshimiwa mwenyekiti naomba mwongozo, huyu mkurugenzi sisi tunamsimamia au anatusimamia?" Ukumbi mzima ukacheka na mkurugenzi mwenyewe akacheka, ila jibu hakupewa, kikao kikaendelea na ajenda ya usafi wa mazingira.

Na hii sio ya leo. Kulikuwa na mzee mmoja karani wa zamani, marehemu sasa, ndo alinifundisha kutunza mafaili. Alikuwa anasimulia 1972 walivyoambiwa halmashauri zimefutwa, mambo yote yanahamia mkoani na wilayani, wakaiita madaraka mikoani. Za mijini zikarudi 1978, sheria mpya zikatungwa 1982, na sie wa wilaya tukaanza tena 1984. Katiba yenyewe sahivi ibara ya 145 na 146 zinasema serikali za mitaa ziwepo na lengo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Yule mzee akisoma hapo alikuwa anafunga kitabu anasema haya, twende tukakusanye ushuru.

Ushuru ndo kiini cha yote. Halmashauri isiyo na hela yake mwenyewe haina la kuamua, itapewa maelekezo tu.

Mi nilianza kazi kipindi cha kodi ya maendeleo, ile ya kichwa. Wanaokumbuka watacheka. Tukishuka na mgambo kijijini wanaume wanashtuka wanaingia kwenye mitumbwi wanakwenda katikati ya ziwa, wanakaa huko wanatuangalia mpaka jua linazama, na sisi tuko ufukweni tunawaangalia. Hatuna boti. Ile kodi ilikuwa kero na ilikuwa na uonevu mwingi, watu walikamatiwa mbuzi na baiskeli, kwa hiyo ilipofutwa 2003 watu walishangilia na mimi nilishangilia kimoyomoyo maana nilishachoka kuchukiwa. Ila baada ya hapo halmashauri ikawa inasubiri ruzuku ya fidia kutoka serikali kuu kwa ajili ya vyanzo vilivyofutwa, na sehemu ya hiyo fidia, 20%, ilitakiwa ishuke mpaka kijijini. Kwenye mikutano ya kijiji wananchi wakawa wananiuliza ile ishirini iko wapi. Nikiuliza halmashauri naambiwa Hazina hawajaleta yote, ukimpata mtu wa juu zaidi anasema walishaleta. Nani alikuwa mkweli mpaka leo sijui. Ninachojua kwenye kijiji nilichokuwa nasimamia mimi haikufika kiasi cha kujenga hata choo.

Zamani angalau nikikusanya shilingi ya mtu anaweza kuniuliza uso kwa uso umeipeleka wapi. Hela ilipoanza kutoka mbali na maswali nayo yakawa yanatakiwa yaende mbali, ila yakaendelea kuja kwangu.

Afu Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Mpango umetoka Ikulu, kila mkoa ukapewa vitambulisho 25,000 vya kuanzia, mkuu wa mkoa akagawia wakuu wa wilaya, wilaya wakashusha tarafani, na tarafani wakanikabidhi bando langu nikasaini. Kimoja 20,000. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka akishakuwa nacho hasumbuliwi na ushuru mwingine. Kwa muuza dagaa na mama ntilie ilikuwa nafuu, tusidanganyane, ushuru wa kila siku unakula mtaji. Ila itazame upande wa ofisi: ushuru wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na wa gulio ndo mapato ya ndani ya halmashauri, na ile 20,000 haibaki halmashauri. Kwa hiyo asubuhi niko kikaoni wilayani naulizwa mbele za watu kata yako mbona imeuza vichache, mchana napigiwa simu na ofisi ya mweka hazina, mtendaji mbona makusanyo ya mwalo yameshuka. Maswali mawili, jibu ni moja, na hakuna hata mmoja kati yao unayeweza kumpa hilo jibu.

Kulikuwa na bibi mmoja alikuwa anauza mawese pale mwaloni, amepanga chupa za soda sita saba juu ya kipande cha gunia. Nikamweleza habari ya kitambulisho vizuri kwa heshima. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, hizi chupa zote ukizinunua sahivi zinafika elfu ishirini?" Hazifiki. Nikamsalimia tena nikaondoka na bando langu, na kwenye ripoti ya wiki nikaandika "elimu inaendelea kutolewa".

Mapato hayakuwa peke yake. Barabara za wilaya 2017 zikahamia TARURA, wakala wa barabara wa serikali kuu, maji ya vijijini 2019 yakahamia RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kitaalamu sioni ubaya mkubwa, na kwenye maji kusema kweli naona bora ilivyo sasa, kuna fundi anayejulikana na ana vifaa, zamani idara ya maji ya halmashauri ilikuwa mtu mmoja na pikipiki isiyo na mafuta. Tatizo liko kwenye mkutano wa hadhara. Kuna karavati letu lilibebwa na mvua, watoto wanavuka mto wakiwa wameshikana mikono. Wananchi wakamkaba diwani. Diwani anasema hiyo ni TARURA. Watu wakazomea, mzee mmoja akasimama akasema sisi hatukumpigia kura Tarura, tulikupigia wewe. Yuko sahihi, na diwani naye yuko sahihi, maana baraza lake halina fungu la barabara na meneja wa TARURA hawajibiki kwake, akimwita kikaoni atakuja kwa heshima ataeleza bajeti ilivyo finyu ataondoka. Diwani yule uchaguzi uliofuata hakurudi, na karavati lilikuwa kwenye sababu.

Sasa nije kwenye madarasa, maana hapo ndo niliona uzuri na ubaya kwa pamoja.

Mwishoni mwa 2021 zikaja fedha za UVIKO, za kukabili athari za korona, zile trilioni 1.3, ndani yake kuna madarasa 15,000 nchi nzima. Kila darasa milioni 20 na Desemba liwe limekamilika, Januari kidato cha kwanza wote waingie kwa pamoja bila kusubiri chaguo la pili. Ramani imekuja, kiasi kimekuja, tarehe imekuja. Sisi kazi yetu ni kujenga kwa force account, yaani unaunda kamati za watu wa hapo hapo, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, mnanunua wenyewe na kumlipa fundi wenyewe. Kwa karatasi hapo ndo madaraka yameshuka kwa wananchi hasa.

Ila milioni 20 ni ile ile kwa shule iliyo barabarani Kasulu mjini na kwa shule yetu ambayo gari halifiki. Saruji ukishainunua Kigoma mjini unaipeleka Kibirizi, unalipa wapagazi, unalipa boti, unaomba upepo utulie, ukifika kwetu unalipa wapagazi tena, afu kuna mlima. Kila hatua mfuko unapanda bei. Na nchi nzima inajenga wakati mmoja, kwa hiyo saruji yenyewe imepanda na mafundi wamekuwa wafalme, fundi uliyekubaliana naye jana leo yuko kata jirani.

Kuna shehena moja ilipigwa na mvua ziwani. Turubai lilikuwepo ila maji yakaingia kwa chini, mifuko ya chini ikalowa. Kesho yake tukaifungua ikawa jiwe. Fundi akaigonga kwa nyundo, akazunguka akaigonga tena upande wa pili, akasema hii mkatupie kwenye shimo la choo. Sawa, ila kamati ya mapokezi imeshasaini kwamba saruji imepokelewa, na kwenye vitabu mfuko hauwezi kugeuka jiwe, lazima uonekane umeingia ukutani. Mwenyekiti wa kamati, mvuvi mstaafu, hakuelewa kabisa kwanini ukweli hauna sehemu ya kuandikwa kwenye ile fomu.

Afu risiti. Mchanga tunachota mtoni, kokoto wanaponda kina mama pembeni ya njia, kila mmoja na kichungu chake na mtoto mgongoni. Sheria inataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Mama anayeponda kokoto hana TIN, namba ya mlipakodi, mashine ya EFD hajawahi hata kuiona. Ukitaka risiti safi itabidi ununue kokoto mjini uzipakie kwenye boti uzilete kwenye kijiji ambacho kimejaa mawe. Tukaandaa hati za malipo, jina, kiasi, dole gumba, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Mkaguzi wa ndani alipokuja akapekua karatasi moja moja, akatoka akaenda kuziangalia zile kokoto, akamsalimia hadi yule mama, akarudi akaandika hoja ya ukaguzi. Akaniambia mtendaji mi nakuelewa, lakini huko ninakopeleka hawatamwona huyu mama.

Madarasa yaliisha. Yalichelewa kidogo lakini yaliisha, na Januari 2022 watoto wote waliofaulu waliingia kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo kwenye utumishi wangu wote sikuwahi kuliona. Lazima niseme hilo maana kuna watu wakisikia habari za madaraka mikononi mwa wananchi wanadhani serikali kuu ikikaa pembeni mambo yatanyooka. Halmashauri yetu kwa mapato yake ya ndani isingejenga yale madarasa hata kwa miaka kumi. Na usidhani halmashauri nazo ni malaika. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilikuwa hela ya halmashauri yenyewe kabisa, na nani aliharibu? Vikundi vya mfukoni, watu wamesajili kikundi usiku asubuhi wana mkopo, marejesho hakuna. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akaandika, 2023 serikali ikasimamisha, na iliporudi halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kupitishia benki, Kigoma Ujiji ikiwa mojawapo. Kwa hiyo mtu akiniambia wakubwa wa Dodoma wanapenda kushika kila kitu namwambia ndiyo, na sisi tuliwapa sababu.

Kinachoniuma ni kupanga. Kila mwaka tunaitisha mikutano, vijiji vinaibua vipaumbele kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo, watu wanaacha shughuli zao wanakuja wanabishana kweli kweli. Kijiji kimoja kwenye kata yangu kipaumbele namba moja kilikuwa nyumba ya mganga. Zahanati wanayo, boma walilijenga kwa nguvu zao na serikali kuu ikaleta milioni 50 za kumalizia, jambo jema. Lakini muuguzi anapanga chumba ng'ambo ya mto, mama akishikwa uchungu usiku na mto umejaa hakuna wa kumzalisha. Wameandika nyumba ya mganga, mwaka unaofuata wameandika nyumba ya mganga. Inatoka kijijini inakuja kata, inakwenda halmashauri inaingizwa kwenye mfumo, inakwenda TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Kinachorudi ni hela ya kitu kingine ambacho nacho kina maana yake, huwezi kukikataa, nani atakataa darasa. Baada ya miaka kadhaa watu hawaji kwenye mkutano wa vipaumbele, na waliokuja wanakuuliza safari hii kuna hela gani huko juu ili tuiandike hiyo hiyo. Wamekuwa wajanja, siwalaumu.

Wenzetu wa manispaa kule mjini yaliwakuta ya namna yake. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji waliingia wenyewe kama manispaa kwenye ule mpango wa kimataifa wa serikali wazi, OGP, 2017 nchi ikajitoa, na wao safari ikaishia hapo. Halmashauri haina mlango wake wa kutokea nje, inapita mlango wa nchi.

La mwisho kabla sijastaafu lilikuwa ziwa. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu mpaka 15 Agosti, makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Kama mtu wa ziwa nilikubali, samaki wamepungua hilo kila mvuvi anajua hata kama hasemi. Ila hebu fikiria halmashauri ya mwambao: mwaka wa fedha unaisha Juni 30, makisio ya ushuru wa mwalo yalishapitishwa na baraza, na sasa mwalo mtupu. Mwezi na nusu unakula mwaka unaoisha, mwezi na nusu unakula mwaka unaoanza. Kijana wangu wa kukusanya ushuru alikuwa anakuja kila asubuhi na POS yake, kimashine cha risiti za ushuru, ameichaji, anakaa chini ya mwembe pale mwaloni. Nikamuuliza unasubiri nini. Akasema mkuu, lengo la mwezi halijafutwa. Na kweli lilikuwa halijafutwa. Aliyelifunga ziwa ni ngazi moja, aliyeweka lengo ni ngazi nyingine, na yule kijana alijibu kwa huyu wa lengo.

Dagaa waliporudi walirudi kwa wingi, bei ikashuka kidogo, watu wakasahau. Mi nikakabidhi ofisi, mafaili, muhuri, na ile pikipiki.

Aliyenipokea ni binti mdogo, msomi, ana kompyuta yake, anajua mifumo yote ile ya kupanga na ya malipo kuliko nilivyoijua mimi. Juzi juzi alikuja nyumbani kusalimia. Wananchi wa kile kijiji chenye zahanati wamejenga wenyewe nyumba ya mganga mpaka kwenye lenta, sasa wanataka kuanza kukusanya mawe ya choo chake, akaniuliza, "Shikamoo mzee, we unaonaje, niwaruhusu?" Nikamwambia kabla hawajabeba jiwe hata moja nenda kaulize bati za ile nyumba ziko kwenye fungu gani, mapato ya ndani au serikali kuu, na uandikiwe, usikubali ya mdomo. Akasema alishaenda. Wamemwambia asubiri, mkurugenzi wa zamani amehamishwa na mpya hajaripoti.